Betri za volti 18 shambani: kazi zinazoziweza na zinazozishinda

Swali: Nina shamba la ekari sita nje kidogo ya mji wa Njombe: parachichi, mahindi na ng'ombe wanne wa maziwa. Umeme wa TANESCO haujafika shambani. Mwaka jana nilinunua seti ya volti 18 yenye drili, grainda ya diski ya milimita 115 na betri mbili za 2.0Ah. Drili sina malalamiko nayo, lakini grainda inazima kila baada ya muda mfupi, na betri moja sasa inakataliwa na chaja: taa nyekundu inapepesa tu. Nataka kuongeza chenso ya betri ya kupogolea na mashine ya kufyekea nyasi. Nina paneli ya wati 100 na betri ya sola ya 12V 100Ah. Je, nikinunua betri kubwa nitaachana na petroli? Na sola yangu itaweza kuzichaji?

Jibu: Ndugu yangu, majibu mafupi kwanza. Petroli utaipunguza sana, lakini hutaachana nayo kabisa. Sola yako inatosha kujaza betri mbili kubwa kwa siku yenye jua, mradi utumie chaja ya polepole, si ya haraka. Grainda yako huenda haina ubovu wowote. Imepewa betri isiyoweza kuilisha. Na hiyo betri inayokataliwa, usiipeleke kwa fundi "aishtue" kabla hujafika mwisho wa jibu hili.

Hesabu wati-saa, si volti

Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa, yaani kiasi cha kazi kilichohifadhiwa ndani. Betri yako ya 18V 2.0Ah ina wati-saa 36. Ya 5.0Ah ina 90. Ukikuta dukani betri iliyoandikwa 20V Max, usidhani imeizidi ya 18V. Ndani ni seli (betri ndogo) zilezile tano zilizoungwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 3.6 kwa wastani na 4.2 ikijaa. Zikiwa katika hali ya wastani zinatoa 18, zikijaa pomoni zinafika 21. Mmoja kaandika wastani, mwingine kaandika cha juu.

Sasa iweke kwenye mizani na petroli. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban kilowati-saa 9. Injini ndogo ya chenso hupoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kwa joto na moshi, na kinachofika kwenye mnyororo ni kama moja ya sita, tuseme wati-saa 1,500. Betri ya wati-saa 90 yenye mota nzuri hufikisha 70 hadi 75. Maana yake, lita moja ya petroli inafanya kazi ya betri kubwa ishirini hivi.

Hapo ndipo uamuzi wako wote unapoegemea. Kazi ambayo ingekunywa lita moja na zaidi kwa siku, iache kwa petroli, la sivyo utanunua rundo la betri zenye thamani kuliko ng'ombe. Kazi ambayo ingekunywa kikombe kimoja cha chai kisha mashine ikae wiki nzima, hiyo ndiyo ya betri. Na kwenye shamba la ekari sita, kazi nyingi ni za aina hiyo ya pili: tundu mbili kwenye nguzo, bawaba ya geti, tawi lililovunjika na upepo, bati lililong'oka. Injini ya petroli huchukia kazi za namna hiyo. Mafuta yanalala, kabureta inaziba, na siku ukiihitaji unavuta kamba mpaka bega linauma.

Kwa nini grainda inazima

Hapa si suala la kiasi cha umeme kilichomo tu, bali kasi ya kuutoa. Drili ikifunga skrubu hula wati 100 hadi 300, tena kwa sekunde chache. Grainda ya milimita 115 ikibanwa kwenye chuma hudai wati 600 hadi 800 mfululizo. Wati 700 kutoka kwenye betri iliyoshuka hadi volti 16 ni zaidi ya ampea 40.

Betri ya 2.0Ah ina seli tano tu, safu moja. Kila seli inapitisha mkondo wote peke yake. Ya 4.0 au 5.0Ah kwa kawaida ina seli kumi: jozi tano, kila jozi ikigawana mzigo. Chukua mfano wa ampea 30 na seli yenye ukinzani wa ndani wa milioumu 25. Kwenye betri ya seli tano, kila seli inazalisha joto la wati 22 na nusu, na volti za betri nzima zinaporomoka kwa karibu 4. Kwenye ile ya seli kumi, kila seli inabeba ampea 15, joto lake ni wati 5.6 tu, na volti zinashuka chini ya 2. Joto la kila seli limepungua mara nne kwa kuongeza safu moja tu.

Kwa hiyo grainda inapozima, mara nyingi betri haijaisha. Ama kinga ya kielektroniki imeona volti zimeporomoka ghafla, ama seli zimepata moto kupita kiasi. Ndiyo maana ukiiacha ipumzike dakika kumi inawaka tena na kukuhadaa kwamba "chaji imerudi". Ukiendelea kuilazimisha hivyo kila siku, betri ya seli tano haitachukua muda kufa, na inawezekana kabisa hiyo inayokataliwa ilianzia hapo.

Nunua betri ya 4.0 au 5.0Ah ya chapa ileile kwa ajili ya grainda, zile ndogo zibaki kwa drili. Kisha badilisha diski. Mafundi wengi wanakatia kwa diski nene ya milimita 3 kwa sababu inadumu, lakini diski ya milimita 1 inayeyusha theluthi tu ya chuma kile, kwa hiyo inakula umeme mdogo zaidi kwa mkato uleule. Usiikandamize, isikilize mota, ukiona mlio unashuka, legeza mkono. Kwa diski nyembamba na betri ya 5.0Ah, tarajia kukata nondo za milimita 12 kama hamsini. Kusaga maungio ya kuchomelea kwa muda mrefu ni habari nyingine: wati 700 zitamaliza wati-saa 90 katika dakika saba au nane za kubana mfululizo. Mtu akitengeneza mageti kila siku, atumie grainda ya waya na jenereta ya kVA 2 au zaidi.

Na kwa kuwa nimeiona kwenye mashamba mengi: diski ya meno ya kukatia mbao usiifunge kwenye grainda. Grainda inazunguka mara 8,000 hadi 11,000 kwa dakika, haina breki ya kuaminika kwa kazi hiyo, na meno yakikwama kwenye mti inaruka kuelekea usoni au shingoni. Kuwa ya betri hakuipunguzii hatari hiyo.

Chenso ya kupogolea

Kwa parachichi, huu ni ununuzi mzuri, mradi ujue unachonunua. Kuna ndogo za mkono mmoja zenye bapa (chuma kirefu kinachobeba mnyororo) la sentimita 10 hadi 15, na kuna za mikono miwili zenye bapa la sentimita 25 hadi 30. Zile ndogo ni nyepesi juu ya mti, lakini ndizo zinazokata watu, kwa sababu mkono wa pili unakwenda kushika tawi. Ukiinunua, mkono wa pili uwe kwenye shina au kwenye mpini, usiwe mbele ya mnyororo.

Idadi ya mikato iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa mbao laini za vipimo vya kawaida na mnyororo mpya. Parachichi ni mti laini, hivyo hutakuwa mbali sana na namba hiyo. Msindano pia. Lakini ukihamia kwenye mlingoti au mwati mkavu, hesabu nusu yake, na mnyororo ukiwa butu hesabu robo. Matawi ya sentimita 5 hadi 10, betri moja ya 5.0Ah inakutoshea asubuhi nzima ya kupogoa, maana muda mwingi unautumia kupanda, kuangalia na kuburuta matawi. Kuangusha milingoti ya kipenyo cha sentimita 30 na kuipasua iwe kuni ni kazi ya petroli. Usibishane nayo, ukodishe mwenye chenso kubwa kwa siku moja.

Mambo matatu yanamaliza betri ya chenso kuliko ukubwa wa mti. La kwanza ni ubutu. Mnyororo mkali unatoa vipande vya mbao. Ukianza kutoa unga, simama. Minyororo mingi ya chenso ndogo hunolewa kwa tupa ya mviringo ya milimita 4, lakini hakikisha kwenye kitabu chake. Piga mara mbili au tatu kwa kila jino, upande mmoja wa kusukuma tu, pembe ileile, kila baada ya betri moja hadi mbili. Jino likigusa udongo mara moja tu, ukali umekwisha.

La pili ni mafuta ya mnyororo. Chenso ya betri haina mafuta ya kuchanganya, kwa hiyo watu husahau kwamba mnyororo bado unahitaji mafuta ya bapa. Bila mafuta, msuguano unageuza umeme wako kuwa joto, na bapa linageuka rangi ya buluu. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari isikuvutie kwa ubure wake: ina chembe za chuma zinazokwangua pampu, na inadondokea kwenye mti wa matunda.

La tatu ni kubanwa. Tawi likikatwa kutoka juu peke yake huinama, linaufunga mkato na kulishika bapa. Mota inapokwama hapo inavuta mkondo wa juu kabisa bila kuzunguka, na hiyo ni sekunde mbili za kuichoma betri. Kata kwanza kutoka chini hadi theluthi moja, sogea sentimita chache kuelekea nje, kisha kata kutoka juu. Kisiki kilichobaki kimalizie karibu na kola ya tawi, yaani uvimbe ulio pale tawi linapoungana na shina. Toa betri kabla ya kunoa au kukaza mnyororo, hata kama unaona ni kazi ya dakika moja.

Kwa vitawi vya chini ya sentimita 3, mkasi wa betri unaokata milimita 25 hadi 30 utakufaa kuliko chenso. Unakula umeme kidogo mno na unaacha jeraha safi. Ila haujui tofauti ya kitawi na kidole.

Kufyeka

Hapa sitakupa moyo sana. Nyasi laini za kuzunguka nyumba na mistari ya chini ya miti, mashine ya betri inatosha: dakika 20 hadi 40 kwa betri mbili za 5.0Ah kwenye mashine ya volti 36, kutegemea unene wa nyasi. Majani ya tembo ya kulisha ng'ombe wanne ni kazi ya kila siku, kwenye mashina magumu, na huko betri zitaisha kabla ya mzigo kujaa toroli. Panga au mundu unabaki palepale. Na mashine ya kukatakata majani haina mbadala wa betri ya volti 18. Hiyo ni ya injini au ya umeme wa gridi.

Kuchimba mashimo ya kupandia parachichi kwa drili iliyofungwa skrubu kubwa ya kuchimbia udongo, usijaribu. Shimo la sentimita 60 kwa 60 kwenye udongo mwekundu uliokauka litavunja gia za drili au kifundo cha mkono wako.

Bomba la kupulizia

Hukuliuliza, lakini mwenye parachichi hulifikia. Bomba nyingi za mgongoni za lita 16 hadi 20 zinazouzwa kwa bei nafuu hazina betri ya lithiamu. Zina betri ya risasi ya 12V 8Ah, sheria zake ni kinyume kabisa na za betri zako. Ya risasi inataka kukaa imejaa. Ukiiacha wiki mbili ikiwa tupu, sulfeti inaganda kwenye sahani zake na uwezo wake haurudi. Ichaji siku ileile uliyopulizia, na msimu usiopulizia ichaji tena kila mwezi au miezi miwili. Mota yake inakula wati 30 hivi, kwa hiyo betri nzima inakupa saa tatu. Ikianza kukupa saa moja, badilisha betri tu. Bomba lenyewe halina kosa.

Kuchaji kwa sola

Paneli ya wati 100, kwa saa tano za jua zuri na hasara za njiani, inakupa wati-saa 350 hadi 400 kwa siku. Betri moja ya wati-saa 90, baada ya kupotea kidogo kwenye chaja na kidogo kwenye inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi), inakudai kama 120 kutoka kwenye sola. Mbili ni 240. Kinachobaki kinatosha taa na simu. Tatu kwa siku moja utakuwa unakopa kutoka kwenye betri ya sola, na ikiwa ni ya risasi, usiishushe chini ya nusu, yaani usitumie zaidi ya wati-saa 600 kati ya 1,200 zake.

Shida yako haitakuwa kiasi, itakuwa kasi. Chaja ya haraka inayojaza 5.0Ah kwa dakika 45 inaweza kuvuta wati 200 hadi 240. Kwa upande wa volti 12 hizo ni zaidi ya ampea 20, na inveta ndogo ya wati 300 itapiga kelele, hasa nyaya zikiwa nyembamba. Chaja ya polepole ya ampea 2 hadi 3 inavuta wati 50 hadi 70 na kumaliza kwa saa mbili hadi tatu. Hicho ndicho paneli yako inachotoa saa sita mchana, hivyo umeme unapita moja kwa moja bila kuichosha betri ya sola. Chaji ya kwanza saa tatu asubuhi, ya pili saa sita.

Inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei ya chini za wimbi la ngazi-ngazi baadhi ya chaja huzivumilia, nyingine hunguruma na kuchemka. Ukigusa chaja ukaona ina moto kuliko ulivyozoea, ichomoe. Kwa chapa kadhaa zipo pia chaja za gari za volti 12. Hizo zinafungwa kwenye betri ya sola moja kwa moja bila inveta, na unaokoa hasara ya hatua nzima.

Kuna fundi atakuambia paneli ya "volti 12" inaweza kuunganishwa na betri ya drili bila chaja, kwa kuwa inafanya kazi kwenye volti 18. Mkatalie. Paneli hiyo ikiwa haina mzigo hufika volti 22, na betri yako mwisho wake ni 21. Hakuna wa kuukata mkondo betri ikijaa, hakuna wa kusawazisha seli. Seli ya lithiamu iliyopitishwa 4.2 haitoi ishara kama betri ya gari inavyochemka maji. Inakaa kimya, kisha inashika moto.

Ukitumia jenereta ndogo, iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke chaja, na uichomoe kabla ya kuzima. Na ndugu akikutumia seti kutoka Marekani, soma nyuma ya chaja: nyingi za huko ni za volti 120 tu, na kwenye 230 za Tanzania zitaungua ndani ya sekunde. Betri zenyewe hazina tatizo. Akija nazo kwa ndege, za akiba ziwe kwenye mzigo wa mkononi, vituo vyake (vyuma vya kupitishia umeme) vimefunikwa kwa utepe. Kikomo cha kawaida bila kuomba kibali ni wati-saa 100 kwa betri, kwa hiyo 90 zako zinapita.

Joto, baridi na stoo

Usichaji betri ikiwa bado moto kutoka kazini. Subiri nusu saa kivulini. Mipaka ya kuchaji kwa watengenezaji wengi ni kati ya nyuzi 0 au 10 hadi 40 au 45. Njombe wengi hufikiria joto tu, lakini asubuhi za Juni na Julai mnakaribia kiwango cha chini. Kuchaji seli yenye baridi kali kunaifanya lithiamu igande kama utandu wa chuma juu ya hasi, na huo hauondoki tena. Betri iliyolala stoo iingize ndani ya nyumba ipate joto la kawaida kwanza. Usiiweke karibu na moto wala mafiga.

Kwenye gari, dashibodi iliyofungwa juani inapita nyuzi 60. Stoo ya bati mchana haiko mbali sana. Betri iliyojaa na kukaa kwenye joto hilo inazeeka hata bila kutumiwa. Kama hutaitumia zaidi ya mwezi, iache na chaji ya nusu, taa mbili kati ya nne, mahali pakavu penye ubaridi. Na usimalize chaji yote kwa makusudi "ili ijae vizuri"; hiyo ilikuwa kanuni ya betri za zamani za nikeli. Hizi ukiona chombo kinalegea, badilisha. Ukizitunza hivyo, mizunguko 300 hadi 500 ya kujaza na kutumia ni matarajio ya haki kabla uwezo haujashuka sana.

Usiziweke chumba kimoja na mbolea. Urea na CAN zinavuta unyevu, na hewa ya banda la kuku ina amonia. Vyote vinakula shaba ya vituo. Vituo vikigeuka kijani, ukinzani unaongezeka, na grainda itaanza kuzima tena hata ukiwa na betri kubwa. Futa kwa kitambaa kikavu au pamba yenye spiriti, betri ikiwa imetolewa. Chaja itundike ukutani: sisimizi hupenda uvuguvugu wake na huingia kwenye matundu.

Betri bandia na betri zilizofumuliwa

Sokoni utakutana na betri zilizoandikwa 48VF, 88VF, hata 128VF, na ndani zina seli tano. Hakuna volti 128 pale. Pima kwa mita: ikijaa itasoma 20 hadi 21, kama zote. Ampea-saa ndizo ngumu kuzipima, lakini mizani inasaidia. Betri ya kweli ya 5.0Ah yenye seli kumi ina gramu 600 na kitu. Ya seli tano ina 350 hadi 400. Ukiuziwa "6.0Ah" yenye gramu 400, umeuziwa plastiki.

Ukitaka uhakika zaidi, unga balbu mbili za gari za 12V 21W mfululizo kwenye vituo vya betri iliyojaa, mita ikiwa imeunganishwa. Zitavuta ampea 1.5 hivi. Betri ya kweli ya 2.0Ah itachukua saa moja na dakika ishirini au pungufu kidogo; ya 5.0Ah itapita saa tatu. Usiondoke hapo. Mita ikifika volti 15, kata, kwa sababu kwa chapa kadhaa kinga ya kuzuia betri isiishe kupita kiasi imo ndani ya chombo, si ndani ya betri, na balbu haijui kuacha. Kwa sababu hiyohiyo jihadhari na adapta za kufunga betri ya chapa moja kwenye chombo cha nyingine: baadhi hupitisha umeme tu, kinga ikabaki njiani.

Kubadilisha seli kunawezekana, lakini si kwa seli za kompyuta za mkononi zilizookotwa. Zile zimeundwa kutoa ampea chache, za vyombo hutoa 20 na zaidi. Fundi awe na mashine ya kupachika kwa cheche, asiyeyushe risasi juu ya seli kwa solda, na seli zote zitofautiane chini ya volti 0.05 kabla ya kuungwa.

Hiyo betri inayokataliwa

Iache ipoe, safisha vituo, ijaribu kwenye chaja mara moja zaidi, kisha jaribu ile nzuri kwenye chaja ileile ili ujue mgonjwa ni nani. Kama ni betri, pima volti kati ya chanya na hasi. Ikisoma 15 au zaidi, seli hazijafa. Huenda kipima joto au saketi yake ndiyo mbovu, au volti za seli zimepishana, na fundi wa elektroniki anaweza kuitazama. Kati ya 12 na 15, chaja nyingi zitaipokea ikiwa ya joto la kawaida. Ikikataa, fundi apime kila seli peke yake. Chini ya 10, yaani chini ya volti 2 kwa seli, achana nayo. Katika hali hiyo shaba ya ndani imeanza kuyeyuka, na ukiilazimisha chaji kwa waya kutoka kwenye betri ya gari, kama wengi wanavyofanya, shaba hiyo hujijenga upya mahali pasipo pake na kuunganisha chanya na hasi kwa ndani. Inaweza kuonekana imepona, ikaja kuwaka usiku ikiwa kwenye chaja.

Funika vituo vyake kwa utepe wa umeme, iweke kwenye ndoo ya bati nje, mbali na nyumba na majani makavu, mpaka utakapompata anayekusanya betri chakavu. Usiitupe kwenye shimo la taka mnalochoma. Na betri yoyote ikitoa joto bila kutumika, harufu tamu kama ya rangi ya kucha au mlio wa kufuka, itoe nje kwa koleo kama bado inashikika bila moto, simama upande upepo unakotoka, na imwagie maji mengi kwa mbali, uendelee hata baada ya moto kuonekana umekwisha. Mchanga unauficha moto tu. Seli zinazopashana joto hutulia kwa kupozwa.